Makamu Mkuu wa Chuo amesomea mifugo: uongozi amejifunzia wapi?

Swali limetoka kwa mkuu wa shule mstaafu wa Ngamiani, Tanga. Anaandika: "Daktari, salaam. Huku kwetu Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi wilayani Mkinga, nami nikaingia kwenye tovuti za vyuo vya umma nijue vinaongozwa na watu wa aina gani. Nikakuta Mzumbe, chuo cha utawala, kimewahi kuongozwa na daktari wa mifugo, akafuata mhandisi wa mazingira. Kwingine nikakuta mkemia, kwingine mfamasia. Mimi nilipopewa ukuu wa shule nilipelekwa huko kwenu Bagamoyo, ADEM, nikasomeshwa uongozi wa elimu. Hawa maprofesa wamesomea wapi uongozi? Na binti yangu ni mhadhiri msaidizi wa sayansi ya samaki katika chuo cha umma, anatamani siku moja aongoze. Aache samaki akasome uzamili wa uongozi wa biashara?"

Shikamoo, Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Wengi wa viongozi hao hawakupelekwa popote kusomea uongozi kabla ya kupewa kiti. Wameujifunza kazini, wakianzia idarani, na fani waliyoisomea inakuambia machache sana kuhusu kama wataiweza kazi. Kinachokuambia mengi ni vitu walivyoviendesha kabla ya uteuzi, na hivyo huwa vimejificha katikati ya wasifu, ukurasa ambao wasomaji wengi hawaufiki. Binti asiache samaki wake. Nitarudi kwake.

Chuo kikuu cha umma kina ngazi mbili ambazo mtu huzipanda kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya taaluma. Kijana anamaliza shahada ya kwanza na wastani usiopungua 3.8, anachukuliwa kuwa msaidizi wa wahadhiri; akipata uzamili anakuwa mhadhiri msaidizi; uzamivu unamfanya mhadhiri; na kuanzia hapo ni machapisho tu yanayompandisha: mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Ngazi ya pili ni ya madaraka: Mkuu wa Idara, Amidi, yaani mkuu wa shule kuu yenye idara kadhaa, Rasi, yaani mkuu wa ndaki (kitengo kikubwa cha chuo chenye idara nyingi), Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, na mwisho Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye mtendaji na ndiye Afisa Masuuli anayeitwa mbele ya kamati za Bunge hesabu zikienda kombo. Mkuu wa Chuo, yule mwenye joho zito anayetunuku shahada siku ya mahafali, haendeshi shughuli za kila siku. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2016 ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete, mtu wa Msoga, jirani zetu sisi wa Bagamoyo.

Sasa tazama ngazi hizo zinavyokutana. Ya taaluma hupandwa kwa kuandika makala kwenye majarida na kusimamia tasnifu. Hakuna anayepandishwa cheo kwa kujua kusoma bajeti au kusuluhisha wahadhiri wawili wasiosalimiana. Lakini mtu akishafika mhadhiri mwandamizi au profesa mshiriki huonekana ameiva kupewa idara, na idara ni watu, fedha, vifaa na manung'uniko. Ndiyo maana nasema swali lako ni la haki. Mwalimu anayepewa shule ya kata anaweza kuitwa ADEM akakaa darasani, akafundishwa usimamizi wa fedha, ukaguzi wa ndani wa ufundishaji na sheria za utumishi. Anayepewa ndaki yenye wanafunzi maelfu mara nyingi hupewa barua ya uteuzi na funguo za ofisi.

Haikuwa lazima tangu zamani kwamba kiongozi awe profesa, na historia hiyo inafaa kukumbukwa kwa sababu wapo wanaopendekeza turudi huko. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na kikifundisha sheria peke yake, mkuu wake alikuwa Cranford Pratt, mwanasayansi ya siasa kutoka Kanada. Akampokea Wilbert Chagula, tabibu mtaalamu wa anatomia. Wote wasomi. Kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea Julai 1970, mambo yakabadilika. Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu wa Bunge kisha mtendaji wa juu wa TANU. Akaja Ibrahim Kaduma, aliyetoka kwenye uwaziri wa Mambo ya Nje. Akaja Nicholas Kuhanga, aliyekuwa Waziri wa Elimu. Kuanzia 1970 hadi 1988, miaka 18, chuo kikubwa kuliko vyote nchini kilikuwa mikononi mwa watu wa serikali na chama.

Watu hao hawakuwa watupu. Walijua mlango wa Hazina, walijua serikali inavyofikiri, walijua kuendesha kikao kikaisha na maamuzi. Msekwa alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 1994 hadi 2005. Uwezo wake wa kuongoza hauna mjadala. Walichokosa ni kuhesabiwa na wahadhiri na wanafunzi kuwa wenzao. Julai 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi akilalamikia namna chuo kinavyoendeshwa. Akafukuzwa, na Mlimani, kwenye kampasi ya chuo hicho, kukachafuka. Machi 1978, wakati wa Kaduma, wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya viongozi wa nchi, na mamia wakarudishwa makwao. Kiongozi aliyetoka serikalini kwenye mgogoro wa namna hiyo anakuwa na kazi ngumu mara mbili, kwa sababu kila anachokisema kinasikika kama sauti ya serikali hata pale anapojaribu kukitetea chuo.

Kuteua profesa nako si dawa ya migogoro. Mei 1990 chuo kilifungwa hadi mwanzoni mwa 1991, na aliyekuwa kwenye kiti safari hiyo alikuwa msomi hasa, Geoffrey Mmari.

Huyo Mmari ndiye ninayetaka umtazame kwa makini, Mwalimu, maana njia yake ya kazi inajibu swali lako kuliko nadharia. Fani yake ni elimu ya hisabati, yaani kufundisha walimu watakaofundisha hesabu. Mwaka 1984 kitivo cha kilimo kule Morogoro kilipotolewa kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliyepewa kukianzisha hakuwa mtu wa kilimo, alikuwa yeye. Mwaka 1988 akahamishiwa Dar es Salaam, na ndipo uongozi wa chuo hicho uliporudi kwa wanataaluma. Ilipotungwa sheria ya 1992 ya kuunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, akaitwa tena kuwa Makamu Mkuu wa kwanza. Mtu mmoja, vyuo vitatu vya umma: kimoja cha kilimo, kimoja chenye kila kitu, na kimoja kisichokuwa na madarasa, kinachowafikia wanafunzi kupitia vituo vya mikoa, Tanga kikiwemo.

Alikuwa na nini ambacho mtaalamu wa mpunga au wa udongo hakuwa nacho? Chuo kipya hakikosi wajuzi wa fani zake. Kinakosa kanuni za mitihani, taratibu za kuajiri, seneti inayojua mipaka yake, mitaala inayopitishwa kwa hatua zinazoeleweka, kumbukumbu zinazotunzwa. Mtu aliyelelewa kwenye elimu ya ualimu huyafikiria hayo kila siku, kwa sababu ndiyo kazi yake. Wataalamu wa kilimo walikuwapo tele Morogoro. Kazi ya Mmari ilikuwa kuwatengenezea nyumba wanayoweza kufanyia kazi.

Waliofuata Dar es Salaam wote wametoka kwenye taaluma: Matthew Luhanga, mhandisi, kuanzia 1991 hadi 2006, Rwekaza Mukandala, mwanasayansi ya siasa, hadi 2017, kisha William Anangisye, mwanaelimu ambaye sehemu kubwa ya utafiti wake inahusu maadili ya walimu. Fani nne tofauti ukihesabu na ya Mmari, kiti kimoja. Na hata nje ya mipaka ni vivyo hivyo: Makerere ya Uganda tangu 2017 imeongozwa na Barnabas Nawangwe, msanifu majengo.

Basi tuje kwa madaktari wa mifugo, ambao ndio waliokushangaza. Hukukosea kuona, na hukuwaona wote. Lughano Kusiluka, aliyeongoza Mzumbe na baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma, ni daktari wa mifugo aliyekulia Sokoine. Dominic Kambarage, aliyekuwa Makamu Mkuu wa chuo cha kilimo na teknolojia kilichopewa jina la Mwalimu Nyerere kule Butiama, naye ni daktari wa mifugo wa Sokoine. Wawili hao waliwahi kuandika pamoja mwongozo wa magonjwa ya mbuzi na kondoo. Raphael Chibunda, aliyeiongoza Sokoine yenyewe tangu 2017, pia ni daktari wa mifugo. Ukikuta fani ndogo namna hii inatoa viongozi wengi hivi, ujue kuna jambo.

Maoni yangu, baada ya kukaa kwenye kamati za utafutaji na kusoma wasifu wa watu wengi, ni kwamba zipo fani ambazo huwezi kufundisha ndani yake bila kuendesha kitu. Mhadhiri wa tiba ya mifugo ana hospitali ya wanyama isiyofungwa Jumapili. Ana shamba, ana wahudumu wa maabara, ana dawa zinazoisha muda wake, ana jokofu ambalo umeme ukikatika usiku sampuli za mwaka mzima zinaharibika. Ana mradi wa utafiti wa pamoja na chuo cha Ulaya, na kila robo mwaka anatakiwa aonyeshe shilingi ilikokwenda. Anajifunza kupanga zamu, kumwambia mtu mzima kwamba hakufanya kazi yake, kuandika ripoti ambayo mfadhili hatairudisha. Yote hayo ameyafanya akiwa bado na cheo cha mhadhiri tu, kabla hajaitwa kiongozi. Mhandisi anayefanya kazi za ushauri kwa viwanda, daktari anayesimamia wodi ya kufundishia Muhimbili, mtaalamu wa misitu wa Sokoine anayeshughulika na ule msitu wa Mazumbai wa chuo hicho huko kwenu Usambara, wote wako kwenye mkumbo huo.

Linganisha na mwanahistoria au mtaalamu wa fasihi. Anaweza kuwa na akili kubwa kuliko wote hao, lakini kazi yake ameifanya na vitabu, kalamu na wanafunzi. Hajawahi kuwa na bajeti ya kumkosesha usingizi. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu watu wa sanaa na lugha wana kitu ambacho vyuo vyetu vinakihitaji sana, uwezo wa kusikia mtu anasema nini hasa, na huwaoni wengi juu. Penina Mlama ni mfano unaonipa moyo. Ni profesa wa sanaa za maonyesho, mwandishi wa tamthilia, na alifika kuwa Afisa Mkuu wa Taaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukiuliza uongozi aliujifunzia wapi, fikiria kuandaa onyesho: siku ya kufungua pazia haisogezwi, fedha hazitoshi, waigizaji wamenuniana, na bado watu watakuja wakae vitini. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanaifahamu shule hiyo vizuri.

Lakini kituo kikuu cha mafunzo, Mwalimu, ni ofisi ya Mkuu wa Idara. Nataka uione ilivyo kwenye wiki ya matokeo. Kikao cha bodi ya idara ni kesho saa tatu asubuhi. Alama za somo moja hazijaingizwa kwenye mfumo kwa sababu mhadhiri wake yuko Dodoma kwenye kazi ya ushauri na simu haishiki. Mtahini wa nje amekwishafika, yuko kwenye nyumba ya wageni, na posho yake haijatoka kwa kuwa ombi lilikosewa kasma, yaani fungu la bajeti, na mhasibu amelirudisha. Mlangoni wamesimama wanafunzi watatu: mmoja jina lake halimo kwenye orodha kwa sababu malipo yake ya ada hayajasomeka, mwingine anadai karatasi yake ilisahihishwa nusu, wa tatu amefiwa akakosa mtihani na ana barua ya kata iliyoandikwa kwa mkono. Juu ya meza kuna barua ya Amidi inayotaka mpango wa manunuzi wa mwaka ujao uingizwe NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali wa mtandaoni, kabla ya Ijumaa. Na huyu Mkuu wa Idara ana kipindi saa nane, na makala iliyorudishwa na wahariri wa jarida imebaki na wiki mbili.

Aliyevuka miaka mitatu ya wiki kama hizo akatoka bila chuki na mtu, mafaili yake yako mahali pake na wanafunzi wake wamehitimu kwa wakati, amefaulu mtihani ambao hakuna chuo cha uongozi kinachoutunga. Aliyevuka kwa kumwachia katibu muhtasi kila kitu naye anajulikana, hata kama wasifu wake una mstari uleule: "Mkuu wa Idara, miaka mitatu."

Sasa, kusema kwamba watu hujifunzia kazini si kusema kwamba ni sawa. Mimi naona ni kasoro kubwa ya vyuo vyetu. Mtu anapojifunza uongozi kwa kujaribu, wanaolipa ada ya masomo hayo ni walio chini yake: mhadhiri kijana aliyecheleweshwa kupandishwa kwa sababu faili lake halikupelekwa, mwanafunzi aliyekaa mwaka mzima akisubiri tasnifu yake ipangiwe watahini. Na taaluma yenyewe hupata hasara, kwa sababu mtafiti mzuri aliyetupwa kwenye ofisi bila maandalizi huacha kuandika, na wengine hawarudi tena kwenye maabara. Mafunzo yapo. Taasisi ya Uongozi imekuwapo tangu 2010 kwa ajili ya viongozi wa umma. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapo hapo Tanga. Na vyuo vyenyewe huwa na semina za siku chache kwa walioteuliwa. Siku chache hazitoshi, tena zinakuja baada ya uteuzi, wakati mtu ameshaanza kusaini. Ningekuwa na neno la mwisho, hakuna ambaye angepewa idara kabla ya kukaa muhula mzima akimsaidia anayeondoka na kusoma mambo matatu kwa kina: bajeti ya serikali inavyokwenda, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na taratibu za nidhamu za watumishi. Hayo matatu ndiyo yanayowaangusha maprofesa wengi, na wala hayana uhusiano na wingi wa machapisho yao.

Kuna na suala la umri. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, lakini profesa na mhadhiri mwandamizi wa chuo cha umma wameongezewa hadi 65. Ni jambo jema, ila limewafanya wengine wafike kwenye viti vya juu wakiwa wamebakiza muda mfupi, na mipango mikubwa ya chuo huhitaji mtu atakayekuwepo kuiona ikikamilika. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 aliyeendesha idara na shule kuu vizuri asiachwe nyuma kwa sababu tu hajawa na mvi.

Uliniambia unasoma wasifu kwenye tovuti. Ngoja nikupe namna ninavyousoma mimi. Naruka aya ya kwanza, ile ya shahada na vyuo vya ng'ambo, kwa sababu kila aliyefika hapo anazo. Naruka pia orodha ya kamati, kwani kuwa mjumbe wa kamati 20 kunaweza kuwa na maana ya kuhudhuria vikao 20 na kunywa chai. Natafuta miaka. Je, alikaa kwenye kila wadhifa muda wa kutosha, au alihamahama? Kama alikaimu, alikaimu muda gani, na alithibitishwa au alipita mwingine? Halafu natafuta kilichoanzishwa: programu ya shahada iliyofunguliwa chini yake na bado inafundishwa, maabara iliyojengwa na bado inafanya kazi, mradi uliofika mwisho na hesabu zake zikafungwa. Natafuta wanafunzi wa uzamivu aliowahitimisha, si kwa ajili ya sifa ya kitaaluma, bali kwa sababu kumvusha mtu mzima kwenye uzamivu ni kazi ya uvumilivu na ya kutimiza ahadi. Mwisho natafuta kama amewahi kufanya kazi nje ya chuo. Joyce Ndalichako alikuwa mhadhiri, akaenda kuongoza Baraza la Mitihani, kisha akawa Waziri wa Elimu. Adolf Mkenda alitoka uchumi wa Mlimani akapita ukatibu mkuu wizarani kabla ya uwaziri. Mtu aliyekaa upande wa pili wa meza akirudi chuoni anajua kwa nini barua za chuo hazijibiwi, na anaandika zinazojibiwa.

Kisha, ukitaka kwenda mbali zaidi, chukua miaka ya uongozi wake ukaiweke sambamba na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Vyuo vya umma vimo humo, ripoti hutolewa kila mwaka na ziko wazi kwa mwananchi. Hoja moja ya ukaguzi haimhukumu mtu. Hoja ileile ikijirudia miaka yote aliyokuwapo, bila kufungwa, inasema kitu ambacho wasifu hautasema.

Uteuzi wenyewe unaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 pamoja na Hati Idhini ya kila chuo, na kwa ngazi nyingi huwa kuna kamati ya utafutaji inayopokea majina, kuyachuja na kupendekeza. Udhaifu ninaouona ni kwamba kamati hizo hupenda kupima kinachopimika kirahisi. Machapisho yanahesabika, kwa hiyo yanahesabiwa. Kumuuliza katibu muhtasi, mhudumu wa maabara au kiongozi wa wanafunzi wa zamani jinsi mtu alivyokuwa anaendesha ofisi kunachukua muda, kwa hiyo kunaachwa. Mimi ningeanza na hao.

Sasa binti. Mwambie, kwa heshima zote, asiguse huo uzamili wa biashara kwa sasa. Kwenye chuo kikuu cha umma mtu asiye na uzamivu haongozi wenye uzamivu, na uzamili wa pili hautampandisha hata hatua moja kwenye ngazi ya taaluma. Utamla miaka miwili na ada. Akasome uzamivu wa samaki, na kwa mtoto wa Tanga maswali hayamuishii: kuanzia silikanti, yule samaki wa kale, anayenaswa kwenye nyavu za wavuvi wenu hadi dagaa na kamba wanaoshushwa hapa Bagamoyo. Achague utafiti wenye watu ndani yake, wa kwenda kwenye mialo, kushirikiana na vikundi vya ulinzi wa fukwe na chuo cha uvuvi cha Mbegani, kwa sababu utafiti wa namna hiyo utamfundisha kuendesha boti, mafuta, posho, vibali na hasira za wavuvi. Hiyo ndiyo hospitali ya mifugo ya upande wake.

Wakati huohuo asikimbie kazi ndogo ambazo wahadhiri hutupiana. Uratibu wa ratiba, uratibu wa mitihani, mafunzo kwa vitendo, ulezi wa bweni. Ni kazi zisizo na posho ya maana na zinazokula jioni, lakini mratibu wa mitihani mzuri hujua siri za idara nzima baada ya mwaka mmoja. Achukue moja tu kwa wakati, kwa sababu wanawake vijana vyuoni hurundikiwa kazi hizi kuliko wenzao wa kiume, kisha wakati wa kupandishwa wanaambiwa machapisho hayatoshi. Hapo awe mkali. Akubali ya kwanza, ya pili aseme hapana, na hapana hiyo aiandike kwa barua pepe. Mafunzo mafupi ya fedha na utawala ayafanye akishakuwa mhadhiri mwandamizi, karibu na wakati atakapoyatumia.

Na kuhusu Mkinga. Kampasi hiyo ni sehemu ya mradi wa serikali wa elimu ya juu uliokopewa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021, mradi uleule unaopeleka matawi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Lindi na Kagera, na la Muhimbili Kigoma. Atakayepewa kuiongoza atakuta majengo mapya, walimu wachache na matarajio makubwa ya watu wa huko. Akija kwenye mkutano na wenyeji, nawe ukapata nafasi ya kunyoosha mkono, usimuulize amesomea nini. Muulize ni kitu gani aliwahi kukianzisha tangu hakipo, na leo kinaendeshwa na nani. Muulize pia kama ana idhini ya kuajiri na kufanya manunuzi akiwa Mkinga, au kila karatasi itasafiri kwenda Morogoro kusainiwa, kwa sababu hata kiongozi hodari akinyimwa kalamu hatafika mbali.